Faini ya Dereva Si Fidia ya Majeruhi

Kata za katikati ya jiji, hususan Kariakoo, Gerezani na Jangwani, hubeba mchana watu wengi mno kuliko wale wanaolala humo. Katika mitaa ya Msimbazi, Uhuru, Lumumba na Kongo, malori yanayoshusha mizigo, daladala, bajaji, bodaboda na mikokoteni hugombea nafasi moja na mnunuzi, mchukuzi na mwanafunzi. Pale bidhaa zilipopangwa hadi ukingoni, mwenda kwa miguu hulazimika kushuka barabarani. Tangu mwaka 2016, mabasi yaendayo haraka nayo hupita Mtaa wa Msimbazi katika njia yake ya peke yake, hivyo anayevuka humo hukutana na magari ya aina mbili yenye mwendo usiolingana.

Katika mazingira hayo ajali hutokea, na zinapotokea wakazi wengi huamini kwamba sheria ina hatua moja tu: dereva akamatwe, afikishwe mahakamani, alipe faini, na jambo liishe. Imani hiyo imewagharimu wengi. Faini anayolipa dereva huingia katika mapato ya Serikali. Haimlipi majeruhi gharama za hospitali wala kipato alichopoteza akiwa kitandani. Fidia ni dai jingine, lenye utaratibu wake na muda wake wa kikomo, na asiyelidai halipati. Makala haya yanaeleza namna dai hilo linavyoandaliwa, na mahali pa kupata msaada kwa mwananchi asiye na uwezo wa kumlipa wakili.

Ajali moja, mashauri mawili

Mathalani, mama lishe anavuka Mtaa wa Uhuru asubuhi, anagongwa na pikipiki na kuvunjika mguu. Polisi wanapima eneo, wanachukua maelezo, na mwendesha pikipiki anashtakiwa kwa kuendesha kwa uzembe chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168. Shauri hilo ni la jinai. Anayeshtaki ni Jamhuri, si mama lishe. Yeye huitwa kama shahidi, hutoa ushahidi wake, kisha huondoka. Mahakama ikimtia dereva hatiani humwadhibu kwa kosa alilolitenda dhidi ya sheria za nchi.

Shauri la pili ni la madai. Hapo mdai ni mama lishe mwenyewe, na anachokiomba ni fedha za kufidia madhara aliyoyapata. Hakuna ofisa wa Serikali atakayemfungulia. Asipolianzisha yeye, au mtu anayemwakilisha kisheria, halitaanza.

Mashauri hayo mawili, hata hivyo, hayajatengana kabisa. Kwanza, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inaipa mahakama mamlaka ya kumwamuru aliyetiwa hatiani amlipe fidia mtu aliyeumia kutokana na kosa lake, pamoja na adhabu nyingine. Mamlaka hayo ni ya hiari ya mahakama, hivyo ni busara kwa majeruhi kumweleza mwendesha mashtaka mapema kwamba anaomba fidia, na kumkabidhi nakala za stakabadhi zake. Pili, hukumu ya jinai inayomtia dereva hatiani ni ushahidi mzito katika shauri la madai, na kampuni za bima kwa kawaida huitaka nakala yake kabla ya kulipa. Kwa sababu hizo, majeruhi au ndugu zake wasiipuuze kesi ya trafiki. Waifuatilie, wafike wanapoitwa, na baada ya hukumu waombe nakala iliyothibitishwa.

Yanayopaswa kufanyika mapema

Jambo la kwanza ni uhai. Majeruhi apelekwe katika kituo cha afya kilicho karibu, na Polisi wapigiwe simu kwa namba 112. Sheria inamtaka dereva aliyehusika na ajali asimame, atoe msaada, ajitambulishe na kutoa taarifa Polisi. Wananchi wanaokusanyika wasaidie kwa kunakili namba ya usajili wa chombo, si kwa kumpiga dereva. Dereva anayekimbia kipigo huondoka na ushahidi, na anayempiga hujitia katika kosa lake mwenyewe.

Jambo la pili ni kumbukumbu. Ajali iandikishwe kituoni na namba ya RB itunzwe. Polisi hutoa Fomu Namba 3, ijulikanayo zaidi kama PF3, ambayo tabibu huijaza kueleza majeraha aliyoyakuta. Fomu hiyo hurudishwa Polisi, lakini majeruhi abaki na nakala. Majeraha ambayo hayakuandikwa siku za mwanzo huwa magumu kuyathibitisha baadaye, kwa hiyo majeruhi amweleze tabibu kila maumivu aliyonayo, hata yale yanayoonekana madogo.

Picha za eneo la ajali, alama za matairi, kivuko kama kipo, na chombo chenyewe ni za thamani kubwa. Vivyo hivyo majina na namba za simu za watu wawili au watatu walioshuhudia. Maduka mengi ya Kariakoo yana kamera za ulinzi zinazotazama barabara, lakini picha zake hufutika baada ya muda mfupi ili kupisha nyingine. Ndugu amwone mwenye duka mapema na kumwomba azihifadhi, kisha amjulishe mpelelezi wa ajali kwamba zipo.

Jambo la tatu ni hesabu. Mahakama hutofautisha fidia za aina mbili. Ya kwanza ni ya hasara halisi: dawa, vipimo, upasuaji, magongo, nauli za kwenda kliniki, na siku za kazi zilizopotea. Hizi lazima zitajwe kwa kiasi na kuthibitishwa moja baada ya nyingine, na pasipo stakabadhi mara nyingi mahakama huzikataa. Ya pili ni fidia ya jumla, kwa ajili ya maumivu, ulemavu na maisha yaliyobadilika, ambayo mahakama huipima kwa busara yake kwa kutazama taarifa za kitabibu.

Wafanyabiashara wadogo wapo hatarini zaidi katika hesabu hii, kwa kuwa wengi hawana hati ya mshahara. Hata hivyo kipato chao kinaweza kuonyeshwa. Daftari la mauzo, taarifa za miamala ya simu, kitambulisho cha mfanyabiashara mdogo, stakabadhi za manunuzi ya jumla, kadi ya kikundi cha kuweka na kukopa, na maelezo ya wateja wa kudumu, vyote vinaweza kukusanywa. Bahasha moja inayotunza karatasi hizi tangu siku ya kwanza huokoa mengi.

Nani hulipa

Dereva mwenye kosa huwajibika. Lakini si yeye peke yake. Iwapo alikuwa akiendesha kwa niaba ya mwajiri wake, mwajiri huwajibika pamoja naye kwa uzembe uliotendeka kazini. Ndiyo maana ni muhimu kujua chombo ni cha nani, na si tu nani alikishika usukani.

Muhimu kuliko yote ni bima. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakitaka chombo cha moto kinachotumika barabarani kiwe na bima inayomlinda mtu wa tatu, yaani mtu anayeumizwa na chombo hicho. Hii ndiyo ambayo wengi huiita bima ndogo. Pikipiki na bajaji zimo katika takwa hilo sawasawa na malori. Majeruhi wengi hawajui kwamba bima hiyo iliwekwa kwa ajili yao. Hudhani ni suala la mwenye gari na askari wa barabarani.

Mwananchi hahitaji hisani ya dereva ili kujua kampuni ya bima ni ipi. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, ina mfumo wa kielektroniki ambao humwezesha yeyote kuhakiki bima ya chombo kwa kutumia namba ya usajili. Ndiyo sababu namba hiyo inapaswa kunakiliwa kabla ya kingine chochote. Kampuni ikishajulikana, majeruhi au mwakilishi wake aiandikie barua ya taarifa ya ajali, aiwasilishe akiwa na nakala, na nakala hiyo igongwe muhuri wa kupokelewa. Shauri la madai likifunguliwa mahakamani, kampuni ijulishwe pia bila kuchelewa. Sheria huilazimisha bima kulipa hukumu iliyotolewa dhidi ya mteja wake, lakini huweka sharti kwamba iwe imepewa taarifa ya shauri kwa wakati.

Kampuni ikichelewesha malipo bila sababu au ikitoa majibu yasiyoridhisha, malalamiko yanaweza kupelekwa TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoundwa ili kusuluhisha migogoro ya namna hiyo nje ya mahakama.

Yapo makundi mengine mawili. Mfanyakazi aliyegongwa akiwa katika shughuli za mwajiri wake, kwa mfano tarishi aliyetumwa benki, ana haki pia kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na mwajiri anapaswa kutoa taarifa ya ajali hiyo kwa Mfuko. Aliyegongwa na mkokoteni au guta, kwa upande mwingine, hatakuta bima, kwa kuwa hivyo si vyombo vya moto. Dai lake huelekezwa kwa mwenye chombo na aliyekisukuma.

Karatasi ya kupatana

Kupatana ni jambo jema, na mahakama zenyewe huhimiza usuluhishi. Hatari ipo katika kupatana kwa pupa. Mara nyingi ndugu wa dereva hufika wodini siku ya pili au ya tatu wakiwa na fedha kidogo na karatasi iliyoandikwa tayari. Familia, ikiwa inadaiwa na hospitali, hutia saini bila kuisoma. Ndani ya karatasi hiyo huwamo maneno yasemayo kwamba malipo hayo ni kamili na ya mwisho, na kwamba majeruhi hatadai tena.

Siku ya tatu hakuna ajuaye mguu utapona vipi. Mfupa uliofungwa chuma huenda ukahitaji upasuaji wa pili wa kukitoa. Jeraha la kichwa huweza kuonyesha athari zake baada ya wiki kadhaa. Aliyeuza dai zima kwa bei ya vidonge na bandeji huwa ameifungia kampuni ya bima mlango ambao ingelazimika kuufungua.

Kwa hiyo msaada wa haraka upokelewe, lakini uandikwe kwa jina lake: sehemu ya gharama za matibabu, kwa tarehe fulani, kiasi fulani. Makubaliano ya mwisho yasubiri taarifa ya tabibu inayoeleza hali ya kudumu ya majeruhi, na yasainiwe baada ya mwanasheria au msaidizi wa kisheria kuyasoma. Ni vema pia kampuni ya bima ishirikishwe, kwa sababu mikataba mingi ya bima humzuia mwenye gari kukubali deni bila ridhaa ya kampuni. Anayepatana kimyakimya na dereva anaweza kujikuta amebaki na ahadi ya mtu asiye na kitu.

Muda haungoji

Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inaruhusu shauri la madai linalotokana na uzembe kufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu chanzo cha dai kilipotokea. Miaka 3 huonekana mingi, lakini kesi ya trafiki huweza kula sehemu yake, matibabu yakala nyingine, na mazungumzo na bima yakamaliza iliyobaki. Mazungumzo na bima hayapaswi kuchukuliwa kuwa yamesimamisha saa ya sheria. Mtoto aliyeumia hupewa nafuu ya kuhesabiwa muda baada ya kufikia utu uzima, ingawa mzazi hana sababu ya kungoja: mashahidi huhama na kumbukumbu hupotea.

Chombo kikiwa ni cha Serikali, ikiwemo gari la halmashauri yoyote, kuna hatua ya ziada. Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, humtaka mdai atoe kwanza notisi ya siku 90 kwa taasisi husika, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kabla ya kufungua shauri. Anayesahau notisi hiyo huweza kuona shauri lake likiondolewa mahakamani kabla halijasikilizwa.

Majeruhi naye akiwa na kosa

Wako wanaokata tamaa kwa kuwa walivuka nje ya kivuko au wakiwa wanaongea na simu. Kosa la mwenda kwa miguu haliondoi dai lake lote. Mahakama hupima uzembe wa kila upande, na fidia hupunguzwa kwa kadiri ya sehemu ya majeruhi. Dereva bado ana wajibu wa kuendesha kwa mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa katika maeneo yenye makazi, na wa kupunguza zaidi pale penye msongamano wa watu. Anayepita Mtaa wa Kongo siku ya soko hawezi kudai kwamba hakutarajia mtu barabarani. Majeruhi aseme ukweli tangu maelezo ya kwanza Polisi. Maelezo yanayobadilika hudhoofisha hata dai lenye haki.

Iwapo aliyegongwa amefariki

Sheria, Sura ya 310, inawapa wategemezi wa marehemu, yaani mume au mke, watoto na wazazi, haki ya kudai fidia ya tegemeo walilolipoteza. Kwa kawaida dai hilo hufunguliwa na msimamizi wa mirathi kwa niaba yao. Familia inapaswa kufuatilia cheti cha kifo, kufanya kikao cha ukoo na kuandika muhtasari wake, kisha kuomba uteuzi wa msimamizi mahakamani. Mashauri mengi ya mirathi huanzia Mahakama ya Mwanzo. Jambo hili huchukua muda, na miaka 3 inayotajwa hapo juu haipaswi kusahauliwa katika kipindi cha msiba.

Msaada kwa asiye na uwezo

Kukosa fedha za wakili si sababu ya kuacha dai. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliweka utaratibu wa huduma hiyo kutolewa bila malipo kwa watu wasio na uwezo, na kuwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria. Msaidizi wa kisheria hasimami mahakamani kama wakili, lakini anaweza kueleza haki, kuelekeza taratibu, kusaidia kuandaa nyaraka na kumfikisha mwananchi kwa taasisi inayofaa. Kwa dai la ajali, ambalo sehemu yake kubwa ni barua, fomu na ufuatiliaji, huo ni msaada wa maana.

Dai linapofikia hatua ya kuhitaji wakili, zipo taasisi zenye uzoefu jijini, zikiwemo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, na Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake. Chama cha Wanasheria Tanganyika nacho hushiriki katika kutoa msaada huo kupitia wanachama wake. Asiyeweza kulipa ada za mahakama anaweza pia kuiomba mahakama imsamehe, kwa kuonyesha hali yake.

Mkazi anayehitaji huduma hizi aanzie katika Ofisi ya Mtendaji wa Kata, ambako atapata barua ya utambulisho, na katika Ofisi ya Maendeleo ya Jamii, inayoweza kumwelekeza kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Afike akiwa na namba ya RB, nakala ya PF3, namba ya usajili wa chombo, stakabadhi za matibabu, na majina ya mashahidi. Asiyekuwa na vyote afike na alivyonavyo.

Mwisho, wakazi wajihadhari na vishoka wanaozunguka vituoni na wodini wakiahidi fidia ya haraka kwa malipo ya awali. Wakili wa kweli ana leseni hai na jina lake linahakikiwa katika orodha ya mawakili inayotunzwa na Mahakama. Hutoa stakabadhi kwa kila fedha anayopokea, na makubaliano ya malipo yake huandikwa. Asiyekubali kuandika asikabidhiwe PF3 wala stakabadhi halisi. Nyaraka hizo ndizo dai lenyewe, na mahali pake ni mikononi mwa majeruhi hadi siku zitakapohitajika mahakamani au bima.